Mdogo wangu ataka jina lake kwenye kadi yangu ya mkopo

Salaam aleikum Bi Mshauri,

Nimekuwa nikizisoma barua za wenzangu hapa kwa muda, sikudhani siku moja nitakaa niandike yangu. Niwie radhi ikiwa ndefu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nimeolewa, nina watoto 3, na twaishi Mikindani. Ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 28. Babetu alifariki mwaka 2015. Mdogo wangu hajaoa, yuko na mama Kisauni, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu.

Mama ana sukari na presha. Hudungwa insulini mara 2 kwa siku. Mdogo wangu ndiye anayempima, anayemdunga, anayempeleka kliniki na kumpikia uji kabla ya kutoka asubuhi. Kazi yake si ya mshahara. Ana kibanda cha kutengeneza simu upande wa Kongowea, na siku zisizo na wateja huendesha bodaboda ya rafiki yake. Mimi natuma Sh28,000 kila mwezi za kodi, dawa na chakula, na miezi mengine huzidi.

Miezi michache nyuma, usiku saa nane, sukari ya mama ilishuka. Mdogo wangu alimkuta ametota jasho, asema maneno yasiyoeleweka. Alimfunga leso, akambeba mgongoni ngazi zote tatu, akasimamisha tuktuk mpaka hospitali moja ya binafsi huku kisiwani. Mapokezi wakamwambia alete dipoziti ya Sh30,000. Kwenye M-Pesa alikuwa na Sh4,200. Akanipigia, na simu yangu ilikuwa imezimwa sauti, naichaji sebuleni. Akaacha kitambulisho chake, simu yake, na kompyuta ya mteja aliyopewa atengeneze, ndipo mama akaingizwa ndani. Alfajiri nilipoamka kuswali nikaigeuza simu nikakuta amenipigia mara 17.

Mama alilazwa siku 2, alhamdulillah akatoka. Bili ilikuwa Sh47,600 na niliilipa kwa kadi yangu ya mkopo. Mdogo wangu alikuwa amesimama kando yangu kwenye dirisha la malipo. Akaiangalia ile kadi, akasema, "Dada, lau ningalikuwa na hii usiku ule." Sikumjibu.

Wiki mbili baadaye akaja na ombi kamili. Ati benki yaweza kumtolea kadi ya ziada juu ya akaunti yangu, yenye jina lake. Tuna binamu yetu Columbus, Marekani, ambaye amemwambia kwamba huko ni jambo la kawaida: wazazi huwatia watoto wao kwenye kadi, na mtoto hujengeka jina kwa wakopeshaji. Mdogo wangu ataka baadaye akope anunue spea za simu kwa jumla. Nilipouliza benki, karani akanambia ni rahisi, fomu moja tu, nakala ya kitambulisho chake na sahihi yangu. Mama naye ameshikilia: "Mtie mwenzio. Hujui lini nitaanguka tena. Damu nzito kuliko maji."

Kadi yangu ina kikomo cha Sh250,000. Nikilipa deni lote kabla ya tarehe sitozwi riba. Nikibakisha, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Cha chini wanachokubali ni asilimia 10 ya deni. Sijawahi kubakisha hata shilingi, kwa sababu riba naiogopa kwa dini yangu na kwa mfuko wangu.

Sasa hofu yangu. Miaka 2 iliyopita nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho, nilimwachia mdogo wangu kadi yangu ya ATM awe ananunua dawa za mama. Nilipoangalia akaunti nikakuta Sh11,500 zimelipwa duka moja la Mwembe Tayari. Si duka la dawa. Sikusema kitu. Nilibadilisha namba ya siri na nikamwambia anirejeshee kadi, kwamba benki yabadilisha kadi zote. Mpaka leo hatujalizungumza.

Mume wangu ajua nina kadi, lakini ombi hili hajui. Tunaweka akiba kwenye sacco tukope tununue kiwanja Mtwapa. Najua atakachosema, ndiyo maana sijamwambia.

Na mwisho, Bi Mshauri, mwaka 2007 mama aliuza bangili zake za dhahabu nikaenda kusoma. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, baba alikuwa mgonjwa na bangili zilikuwa hazipo. Yeye aliishia kidato cha nne.

Nikikataa, nitaonekana nimemwacha mama afe kwa dipoziti. Nikikubali, sitalala. Nisaidie.

Dada Mtu, Mombasa

*

Wa alaykum salaam, mwanangu,

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikarudi nikaisoma tena. Pole kwa usiku ule, na pole zaidi kwa ile alfajiri. Najua mtu huhisi nini anapoigeuza simu akakuta jina la nduguye limejaa kioo kizima.

Nikurudishie maneno yako nione kama nimekuelewa. Una mama ambaye sukari ataishi nayo, na huenda siku moja akaanguka tena. Una ndugu aliye naye usiku na mchana, mfuko wake mtupu. Nawe una uwezo, lakini uko mbali saa nane za usiku. Kadi moja mwaiangalia nyote, na kila mtu aona chake. Mama aona hospitali. Nduguyo aona ule usiku, na nyuma yake aona biashara yake. Wewe waona Sh11,500. Mumeo haoni kitu, kwa sababu hajaambiwa.

Kuna neno moja nililolitafuta katika barua yako nisilipate, nalo ni dhamana. Karani wa benki amekwambia "fomu moja tu". Mamako asema "mtie mwenzio". Ni maneno mepesi, yapita kooni bila kukwama. Lakini lau nduguyo angalikuja akakwambia, "Dada, twende kwa wakili ukanidhamini Sh250,000," ungaliketi chini. Ungalimwita mumeo, ungaliuliza ni za nini na zitalipwa lini, ungalitaka mashahidi. Kadi ya ziada ni jambo la aina hiyo hiyo ambalo halina kikao. Na kwa upande mmoja ni zito kuliko dhamana. Mdhamini kwa kawaida hufuatwa mkopaji akishindwa. Hapa mkopaji ni wewe tangu shilingi ya kwanza.

Ngoja nikueleze inavyokwenda, kwa maana nimeona watu wengi wazuri wakiingia humu kwa kudhani ni kama kumwachia mtu ufunguo wa nyumba. Kadi itatoka na jina lake na namba yake ya siri, ila akaunti ni moja na ni yako. Kikomo mtagawana: akitumia Sh90,000, kwako zimebaki Sh160,000. Taarifa ya mwezi yaja kwako, na malipo yakichelewa ni jina lako linalopelekwa kwenye mashirika ya taarifa za mikopo. Kenya yako matatu yenye leseni, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na doa likishaingia hukaa miaka 5 hata baada ya deni kulipwa. Ile ndoto yenu ya Mtwapa itapita mlango huo huo.

Riba nayo ipige hesabu kwa kalamu, usiipige kichwani. Tuseme mama amelazwa, kadi imefika Sh120,000, na mwezi huo huo wanao wanadaiwa karo. Walipa ile asilimia 10, yaani Sh12,000, waona umejitahidi. Kwa asilimia 3.5, Sh4,200 kati ya hizo zimeliwa na riba, na deni limepungua kwa Sh7,800 tu. Mwezi ujao waanza na Sh112,200. Ukibakisha deni, mara nyingi hata manunuzi mapya hupoteza zile siku za bila riba. Na mtu akitoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, hukatwa ada, na riba kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku ile ile. Nduguyo ajua hili? Kwa mtu aliyezoea ATM, kadi zote ni kadi.

Umesema riba waiogopa kwa dini yako. Wewe umejilinda kwa kulipa yote kila mwezi, na umeweza kwa sababu mkono unaotumia na mkono unaolipa ni mmoja. Ikiwa mikono miwili, ulinzi huo wategemea mtu mwengine. Suala la dini lenyewe sitalitolea fatwa. Liulize kwa shekhe umwaminiye, na umweleze habari ya kadi ya ziada pia, asikie kisa kizima.

Alilosema binamu yenu wa Columbus ni kweli kwa huko aliko. Marekani, mtu akiongezwa kwenye kadi ya mwenzake, benki nyingi huipeleka historia ya ile kadi kwenye faili lake pia, kwa mashirika ya taarifa za mikopo ya huko, Equifax, Experian na TransUnion, na kijana asiye na rekodi huanza kuwa nayo. Hata huko, anayedaiwa kisheria ni mwenye kadi. Aliyeongezwa hutumia tu. Kwetu akaunti husomeka kwa kitambulisho cha mwenye akaunti. Nachelea nduguyo atatembea na kadi yako mwaka mzima, alipe kwa uaminifu kabisa, halafu aende kuombea mkopo wa spea akute hawamjui. Jina lake litajengwa na kitu kilichoandikwa kwake yeye: akiba yake ya sacco, mkopo mdogo anaoulipa kwa tarehe, hata ule wa Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo midogo. Na ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bure mara moja kwa mwaka. Mwambie aiombe. Huenda hajawahi kuiona, na mtu anayetaka kujenga jina yafaa kwanza ajue limesimama wapi.

Kwa hivyo naona hapa maombi mawili yamefungwa kitambaa kimoja. Moja ni la mama: usiku ule usirudi. La pili ni la biashara. La mama ndilo linalolibeba la pili mgongoni, kwa sababu ni nani atakataa la mama? Sisemi nduguyo amefanya hila. Nadhani hata yeye hajayatenga. Lakini ukiyafungua na kuyaweka kando kando, huenda ukakuta kila moja lina jibu lake, na hakuna lililohitaji Sh250,000.

Sasa nirudi kwenye zile Sh11,500, kwa sababu zimekaa katikati ya barua yako kama mwiba wa samaki kooni.

Ulizikuta, ukanyamaza, ukabadilisha namba ya siri, ukasema benki yabadilisha kadi. Nakuelewa. Ulikuwa mzazi, umechoka, hukutaka ugomvi. Lakini mwanangu, ulimuuliza? Umeandika "si duka la dawa" na ukaishia hapo, kama kwamba hukumu imeshatoka. Yawezekana kweli alizila. Yawezekana pia aliona godoro la mama limebonyea, au feni imekufa katikati ya kiangazi, akanunua akidhani utaona ni sawa, akangoja umuulize, hukuuliza. Kwa miaka 2 umekuwa ukimpima kwa kitu ambacho hukumpa nafasi ya kukieleza.

Na usidhani yeye hakutambua. Mtu akinyang'anywa kadi kwa hadithi ya benki, hunyamaza tu ili asimwaibishe dadake. Nimejiuliza kama ombi lake la leo halina swali jengine ndani yake, ambalo hakuweza kulitamka kwa mdomo: dada, bado waniamini?

Kuna jambo jengine uliloliandika kwa haraka, nami nataka ulitazame kwa utulivu. Ile kompyuta ya mteja. Usiku ule nduguyo alipobanwa, aliweka rehani kitu kisicho chake. Ungenifikisha mimi kwenye dirisha lile, mamangu hajitambui mgongoni mwangu, ningefanya vivyo hivyo na nisingeomba radhi. Simlaumu hata kidogo. Lakini ndivyo mtu mwema afanyavyo akibanwa: hutoa kilicho karibu na mkono. Kadi yako itakuwa karibu na mkono wake siku zote, na mtu anayeishi kwa kibanda na bodaboda ya kuazima hubanwa mara nyingi. Kodi ya kibanda ikichelewa, pikipiki ya rafiki ikipata pancha, mteja akidai simu yake. Huhitaji kumwona mwizi ndipo uone hatari. Hata mwaminifu aweza kuizamisha kadi hiyo, kidogo kidogo, kila mara kwa sababu nzuri.

Upande wa pili nao nikuulize. Katika barua yako, msaada wako una tarakimu: Sh28,000, Sh47,600. Wake hauna. Sindano 2 kwa siku ni sindano 730 kwa mwaka. Kuna uji wa asubuhi, foleni ya kliniki, siku za kazi alizozikosa, na usiku anaolala sikio moja limefunguka akisikiliza pumzi za mama. Ungeajiri mtu kwa kazi hiyo ungemlipa shilingi ngapi? Sikwambii hivi ili nikutie hatia. Nakwambia kwa sababu nashuku ndani ya ombi lake kuna uchovu wa kuwa mlezi anayelazimika kupiga simu 17 ili apate ruhusa ya kumtibu mamake. Anachokosa si pesa tu. Anakosa uwezo wa kuamua kitu mwenyewe saa nane za usiku.

Tuangalie basi njia zilizopo.

Ukiamua kumtia, si lazima umtie mlango mzima. Benki nyingi huruhusu mwenye akaunti kuiwekea kadi ya ziada kikomo chake. Uliza kama yako yaweza kuwa Sh40,000, kama kutoa pesa taslimu kwaweza kufungwa, kama meseji ya kila matumizi itaingia kwenye simu yako, na kuifunga huchukua muda gani ukitaka kuifunga. Uliza na ada ya mwaka. Pata majibu kwa maandishi. Faida yake ni kwamba usiku kama ule angelipa bila kukuamsha. Tabu yake ni ile meseji. Wewe uko kazini, simu inalia, ni Sh1,850 kwenye petroli, na tayari moyo unakwenda mbio: petroli ya kliniki au ya biashara? Watu huingia humo wakiwa dada na ndugu, wakatoka mkaguzi na mkaguliwa. Fikiri kama uhusiano wenu, ulivyo leo na ukimya wake, waweza kulibeba hilo.

Ukitaka kitu chenye mwisho, yako mambo mengine. Kiasi cha dipoziti, zile Sh30,000 au zaidi kidogo, chaweza kuwekwa kwa jina lake mwenyewe, kwenye akaunti ya akiba au kadi ya kulipia kabla, kikaitwa pesa za usiku. Si mkopo, si wa riba, na ni yeye anayezishika. Zikitumika, mnazirudisha pamoja, hata yeye akitia Sh500 kwa wiki. Hatari ni kwamba zaweza kuliwa siku ya njaa. Lakini zikiliwa, hasara yaishia hapo hapo. Haikufuati sacco wala haizai.

Kisha kuna yale yasiyohitaji kadi. Mamako amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024? Mchango wake umelipwa? Mmeshakubaliana mapema ni hospitali gani atakimbizwa, na mmekwenda mchana kuuliza masharti yao? Na nduguyo ajue, kwa sababu hakuna aliyemwambia usiku ule, kwamba Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Natamani sana kila kijana anayelea mzazi aijue ibara hiyo kwa kichwa. Haitamaliza ubishi wa dirishani, lakini humpa mtu uti wa mgongo. Na simu yako, mwanangu: simu nyingi za siku hizi huweza kuzimwa sauti isipokuwa kwa namba ulizozichagua. Mwombe yeye mwenyewe, fundi, akuwekee namba yake na ya mama. Haigharimu kitu, na nadhani atafurahi kuombwa.

Kukataa kabisa nako ni njia, na ina bei yake. Ukimwambia "hapana" peke yake, atasikia zile Sh11,500, hata usipozitaja, na mama atasikia bangili zake.

Hizo bangili umeziandika mwisho kabisa, lakini nahisi ndizo ulizokuwa ukiziandika tangu salamu. Nataka tu uone kitu kimoja. Mama aliuza. Alizivua mkononi, zikapimwa kwa sonara, akapewa bei, akakulipia. Zilimuuma, nina yakini, lakini alijua ukubwa wa maumivu siku ile ile. Hakutia sahihi kwenye kitu kisichokuwa na kipimo. Ikiwa unachotaka moyoni ni nduguyo naye apate zamu yake, basi pengine cha kutafuta ni bangili ya kiasi hicho: fedha uliyoipima, mara moja, ya mafunzo au ya sanduku la kwanza la spea, iliyotolewa wazi mbele ya mama na ikaitwa kwa jina lake, zawadi ikiwa zawadi, mkopo ikiwa mkopo. Ikiwa mkopo, iandikwe. Wewe wajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuamrisha deni liandikwe. Wala haikusema isipokuwa kwa ndugu. Tena wengine huona kumwandikisha ndugu ni kumtukana. Mimi naona ni kumchukulia kama mtu mzima.

Juu ya mumeo nitasema kidogo. Umeshamjibia kabla hujamuuliza, kama ulivyofanya kwa nduguyo. Deni la kadi likikua litafika mezani kwake, na Mungu akikuchukua kabla yake, deni hulipwa kwanza kutoka mali yako kabla wanao hawajarithi. Huenda akasema lile unaloliogopa. Huenda pia akakumbuka kwamba yule ni mkwewe, aliyebebwa mgongoni ngazi tatu.

Sijakuambia umtie wala usimtie, na sitasema, kwa sababu wewe ndiwe utakayeishi na jibu hilo kila mwezi taarifa ikiingia. Lakini lau ningalikuwa jirani yako ningalikuomba fomu ile ibaki kwenye droo kwa wiki chache. Nenda Kisauni siku ya kawaida, isiyo na ugonjwa wala bili, baada ya alasiri mama akiwa amejinyosha. Nunua mahamri njiani. Mwambie kwanza wewe lako, kwamba ile hadithi ya benki kubadilisha kadi haikuwa kweli, na kwa nini uliisema. Halafu muulize zile Sh11,500 zilinunua nini, na umwache amalize.

Kisha uniandikie tena. Nitakuwa nikingoja kujua alikujibu nini.

Bi Mshauri